Lugha ya Kuanzia: Mwongozo kwa Anayefundisha Programu

Karibu lugha zote za programu hupatikana bila malipo, kwa hiyo unachokigharimia hasa ni muda wa mwanafunzi, bando la kupakulia na kompyuta ya kufanyia kazi. Kipimo ninachokitanguliza ni kimoja: mwanafunzi akikosea, je, ataliona kosa lake mapema na kulielewa?

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni Python kwa yeyote aliyefikia umri wa sekondari. Mstari mmoja tu, print("Habari za asubuhi"), ni programu kamili, na thamani huweza kupewa majina ya Kiswahili, kama nauli = 50. Sasa tuseme bei imeingia kama maandishi, "500", naye anataka kuijumlisha na nauli hiyo. Python itakataa papo hapo na kumtajia mstari wenye kasoro, ilhali JavaScript itampa 50050 bila onyo lolote, akabaki anahangaika. Ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza, na mwalimu hana budi kuufasiri darasani mpaka uzoeleke. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, angalau, husema wazi kwamba mabano hayakufungwa. Kama kompyuta zenu bado zina Windows 7, chukueni toleo la 3.8.10, kwa kuwa kuanzia 3.9 mfumo huo haukubaliwi tena. Faili lake halifiki MB 30, na likishapakuliwa mara moja husambazwa kwa flashi.

Ya pili ni Scratch, iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambayo kwa mtoto wa miaka 8 hadi 11 ningeitanguliza mbele ya Python bila kusita. Amri zake ni vipande vya rangi vinavyopachikana, hivyo hakuna alama ya kusahauliwa. Huweza kuwekwa kwa Kiswahili, na ipo programu yake isiyohitaji intaneti.

JavaScript naiweka ya tatu. Sifa yake kubwa ni kwamba kivinjari cha kuiendeshea tayari kimo kwenye kompyuta.

Java na C ni lugha nzuri, lakini si za wiki ya kwanza. Katika Java iliyozoeleka, salamu hutanguliwa na public static void main, maneno ambayo mwalimu hulazimika kusema yataelezwa baadaye. Na katika C, kusoma nje ya mipaka ya orodha huweza kupita kimya, programu ikaendelea na jibu lisilo sahihi.