Ubao wa kuyumba, mto wa sponji na kuba la mpira: kipi kinafaa kifundo kilichoteguka?

Ukishateguka kifundo cha mguu na bado kinapinduka kila ukikanyaga pasipo sawa, nunua ubao wa duara wa kuyumba, ule wenye nusu-tufe chini yake. Mto wa sponji una kazi yake, ila si hiyo. Kuba la mpira, ile nusu ya mpira iliyojazwa hewa yenye upande mmoja bapa, linalotangazwa kuliko yote, liache dukani.

Ndani ya misuli, kano na viungo mna vihisio vinavyouarifu ubongo kiungo kimepinda kiasi gani, hata ukifumba macho. Ligamenti, yaani kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, za upande wa nje zikichanika, taarifa hizo huvurugika, na misuli ya nje ya muundi huchelewa kuukamata mguu unaopinduka. Mwaka 1965 daktari Mwingereza Freeman na wenzake walilieleza tatizo hili na kupendekeza mazoezi ya ubao. Wataalamu wangali wanabishana kama ubao unanoa vihisio vyenyewe au unafundisha ubongo na misuli kuitikia upesi. Matokeo lakini yapo: katika utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2009, wanamichezo 522 waliokuwa wameteguka walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Waliofanya mazoezi ya msawazo nyumbani kwa wiki 8, mara 3 kwa wiki, asilimia 22 waliteguka tena. Wasiofanya, asilimia 33. Hakuna aliyewasimamia.

Ubao wa kipenyo cha sentimita 40 hivi unatosha. Geuza uutazame chini: nusu-tufe ikiwa ndefu, ubao huinama zaidi, na anayeanza anahitaji mwinamo mdogo, digrii 10 hadi 15. Zile zenye skrubu ya kurekebisha urefu ni bora, mradi skrubu isilegee. Juu pawe pamekwaruzwa au pana mpira. Kwenye vigae ubao huteleza, kwa hiyo tandika mkeka mwembamba wa mpira. Zulia nene nalo hulainisha kuyumba kote ukabaki unajidanganya.

Usiupande kabla hujaweza kusimama sakafuni kwa mguu mmoja sekunde 30 bila maumivu. Wiki 2 za mwanzo tumia miguu yote miwili, ukuta ukiwa karibu: zungusha ukingo polepole mara 10 kila upande, kisha simama sekunde 30 bila ukingo kugusa chini, mara 3. Halafu mguu mmoja. Baadaye daka mpira ukiwa juu yake. Kufumba macho ni kwa mwisho kabisa, na mtu awepo wa kukushika.

Makosa ni yale yale. Goti lililonyooshwa kabisa huipa nyonga kazi ambayo ingekuwa ya kifundo. Vidole vinavyojikunja kama makucha ni dalili kwamba hatua uliyopo bado ngumu. Kutazama miguu hugeuza zoezi kuwa la macho. Kifundo kikivimba asubuhi yake, rudi hatua moja nyuma.

Mto wa sponji, ule wa unene wa sentimita 6, hufanya jambo jingine: hutia ukungu taarifa za nyayo, ili macho na sikio la ndani, lenye kiungo cha msawazo, vibebe mzigo. Ukifumba macho, sikio hubebeshwa karibu lote. Ndiyo maana wataalamu wa fiziotherapia huutumia kupima na kuzoeza msawazo. Chagua sponji ya seli zilizofungwa, yaani yenye vijitundu visivyopitisha maji, isiyonyonya jasho. Simama juu yake kwa mguu mmoja kabla ya kulipa: kisigino kikihisi sakafu, ni laini mno kwa uzito wako. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu asiutumie peke yake, wala pekupeku.

Mzee anayehofia kuanguka hahitaji hata huo kwa kuanzia. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta mazoezi yakipunguza maanguko kwa asilimia 23 kwa wazee wanaoishi majumbani, na yenye ushahidi mzito ni ya msawazo na ya shughuli za kila siku: kuinuka kitini, kupanda kidato, kutembea kisigino kikigusa vidole. Kiti kizito kisichoteleza kinatosha.

Kuba la mpira, lenye kipenyo cha sentimita 65 hivi, lina kasoro mbili. Hewa ikipungua, ugumu wa zoezi hubadilika bila wewe kujua. Na wengi hulipanda wakiwa wamebeba vyuma, ilhali juu ya kitu kinachoyumba misuli haitoi nguvu yake yote. Hupati nguvu za kutosha, na ustadi unaoupata ni zaidi wa kusimama juu ya kuba. Ukiligeuza upande bapa juu, hatari kubwa iko kwenye kupanda na kushuka.

Ubao uliotumika ukaguliwe nyufa pale nusu-tufe inaposhikana na bapa. Sponji iliyobaki na shimo la kisigino baada ya dakika chache za kupumzika imekwisha, badilisha.