Seti ya kukagulia sarafu zenye kasoro: mizani safi, lenzi ya kuridhisha, darubini ya kupotosha

Seti hii ni ya kutafutia sarafu zilizokosewa kiwandani, ambazo wakusanyaji hulipia zaidi ya thamani yake; inauzwa mtandaoni kwa majina chungu nzima, lakini mzigo ni uleule: mizani ya dijitali ya mfukoni inayopima hadi gramu 200 kwa vipande vya 0.01, lenzi ya kukunja yenye taa, darubini ya USB na vifuko vya plastiki. Wauzaji huipamba kwa picha za senti za Kimarekani zenye maandishi mawili-mawili na bei za kutia mate mdomoni.

Mizani ndiyo inayobeba seti nzima. Kasoro nyingi za maana hujulikana kwa uzito kabla ya macho. Chukua senti moja ya Marekani: ya shaba ilikuwa gramu 3.11, kisha mwaka 1982 kiwanda kikahamia kwenye zinki iliyopakwa shaba, gramu 2.5. Ya 1982 inaweza kuwa yoyote kati ya hizo na isiwe kasoro. Ya 1983 ikisoma 3.1, hapo kaa chini uitazame vizuri, maana huenda imepigwa juu ya kisahani cha shaba (kipande tupu kabla ya kupigwa chapa) kilichobaki mashineni. Robo dola ni gramu 5.67, na kiwanda huvumilia tofauti ya 0.227 tu, juu au chini. Ukikuta upande mmoja una wekundu wa shaba na mizani inasoma chini ya 5, inawezekana tabaka la nje linalofunika shaba ya ndani lilibanduka kabla ya sarafu kupigwa. Nyekundu lakini yenye uzito kamili mara nyingi imebadilishwa rangi na udongo au moto. Nyepesi yenye maandishi yaliyofifia kote kwa usawa mara nyingi imelowekwa kwenye tindikali, na hiyo thamani yake ni senti 25.

Kasoro ya mizani yenyewe ni kwamba haiji na jiwe la kuisawazishia. Sarafu ya senti tano ya Marekani ina gramu 5 kamili, kwa hiyo 20 zisizochakaa hukupa 100. Tofauti ndogondogo kati yao hufutana. Aliye Tanzania anaweza kuijaribu mizani yake kwa sarafu ya shilingi 500, ambayo ni gramu 9.5. Zima feni, weka mizani mahali tambarare, na pima kila sarafu mara tatu. Namba ya mwisho ikicheza kwa 0.02 usishtuke, ila ikianza kupanda yenyewe bila kuguswa, badilisha betri.

Lenzi imeandikwa "60x". Porojo. Ukuzaji wake halisi uko chini sana ya hapo, na hilo halina ubaya, kwani mara 10 zinatosha kwa karibu kila kitu. Kinachoharibu ni taa yake: inamulika kutoka juu moja kwa moja, kivuli kinapotea. Izime, weka taa ya mezani ubavuni imulike kwa kulala, kisha zungusha sarafu polepole.

Hapo ndipo utakapotofautisha uradufu (maandishi kuonekana mara mbili) wa kweli na wa uongo. Katika senti za 1955, 1972 na 1995 zinazotafutwa, muhuri wenyewe, yaani chuma kinachopigia chapa sarafu, ulichongwa picha mara mbili bila kulingana, hivyo kila sarafu iliyotoka kwenye muhuri huo inafanana na mwenzake. Tazama herufi T katika LIBERTY: picha zote mbili zimeinuka, zina mviringo, na kwenye pembe za herufi kuna kijipengo pale zinapoachana. Uradufu wa mashine ni kitu kingine. Muhuri ulilegea, ukatikisika wakati wa kupiga, ukaisukuma herufi kando. Utaona ngazi bapa, ya chini, inayong'aa, na herufi yenyewe imekonda. Huu ndio unaojaa kwenye chenji, na haulipi.

Darubini ya USB ni mtego. Ikikuza sana, malengelenge ya kawaida chini ya mpako wa senti za zinki yanageuka kuwa "kasoro adimu", na kila mkwaruzo unapata jina. Itumie kupiga picha za kuuzia tu, tena funika duara la taa zake kwa kipande cha tishu ili mng'ao upungue.

Sumaku haimo, nayo ingegharimu kidogo sana. Senti ya 1943 ya kawaida ni ya chuma. "Ya shaba" ikinaswa na sumaku ni ya chuma iliyopakwa. Isiponaswa bado angalia tarakimu 3, kwa sababu kuna 8 za 1948 zilizokwanguliwa.

Kuna ukaguzi ambao hauhitaji kifaa. Sarafu iliyomegeka mviringo ukingoni tangu kiwandani kwa kawaida huwa na ukingo dhaifu upande wa pili, mkabala na pengo. Ukikuta ukingo huo mnene na safi, shuku kwamba imekatwa kwa mkasi au kukwanguliwa kwa tupa. Kwa sarafu za metali mbili, kama shilingi 10 ya Kenya, tundu la katikati lisikupumbaze: kiini kikichomolewa baadaye, ukuta wa ndani hubaki na michubuko.

Kuhusu thamani, puuza bei zinazoombwa, tafuta zilizokwisha kulipwa. Sarafu iliyopigwa pembeni, yaani chapa yake haikukaa katikati, hupanda bei sehemu isiyopigwa ikikaribia nusu huku mwaka ukisomeka wote. Kuipeleka PCGS au NGC, kampuni za Marekani zinazothibitisha na kupanga daraja za sarafu, kuna ada, posta na bima, hivyo kasoro ya dola 20 haifai kusafirishwa. Na mnunuzi anayetaka umtumie "hela ya usajili" kwanza ni tapeli.

Vifuko vilivyomo ni laini na vinanuka plastiki mpya, dalili ya PVC, aina ya plastiki ambayo baada ya muda huacha utando wa kijani juu ya shaba. Vitupe, nunua vya maila (Mylar), plastiki isiyo na PVC.