Lenzi ipi kwanza? Mpangilio wangu kwa mwenye kamera ndogo ya sinema Unguja

Mfunguo Mosi ukiingia na harusi zikaanza kufuatana, simu yangu haipoi. Nusu ya wanaopiga ni wenye harusi. Nusu nyingine ni vijana waliopata kamera ndogo ya sinema, mara nyingi Blackmagic Pocket ile ya mwanzo iliyokwishapita mikononi mwa watu wawili watatu, na sasa wanatafuta lenzi. Swali lao ni lilelile: "Dada, ninunue ile 50 ya f/1.8? Naambiwa nyuma inatia ukungu mzuri." 50 ni milimita za lenzi: zikipanda, inavuta karibu na kuona eneo dogo. Ile f ni uwazi wake: namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi. Nami nawajibu lilelile: inunue, lakini isiwe ya kwanza.

Sababu ni sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Pocket ya 2013 ina sensa yenye upana wa milimita 12.48, karibu sawa na filamu ya Super 16, wakati kamera ya fulufremu, ile kubwa ambayo namba za lenzi hulinganishwa nayo, ina milimita 36. Lenzi yoyote utakayoifunga, kamera inachukua kitovu cha picha na kuziacha kingo. Ili ujue lenzi itaona vipi, zidisha namba yake kwa 2.9. Ile 50 inakuwa kama 145. Mimi ndiye ninayeingia upande wa wanawake, na siku ya pambo chumba kimejaa mikeka, mashoga, mashangazi na watoto. Mgongo wangu uko ukutani na bibi harusi yuko hatua tatu mbele yangu. Kwa lenzi kama hiyo nitapata kipini cha puani na jicho moja lenye wanja. Mjini nako vichochoro ni vya kupishana bega kwa bega, huna pa kurudi nyuma.

Pocket 4K iliyotoka 2018 ina nafuu: sensa yake ni milimita 18.96, zidisha kwa 1.9. Mpangilio wangu haubadiliki sana kwa sababu hiyo, ila nitataja pale tofauti inapouma.

Neno moja kabla ya lenzi zenyewe. Kamera zote mbili hazina fokasi ya kujiendesha mfululizo. Unabonyeza, inatafuta mara moja, imekwisha. Kwa hiyo usilipie lenzi kwa sifa ya kufokasi haraka. Utazungusha ringi kwa mkono wako, basi tafuta ringi nzuri.

Namba moja yangu ni Panasonic 12-35 ya f/2.8. Kwenye Pocket ya zamani inakuwa kama 35 hadi 100, kwenye 4K kama 23 hadi 67. Kilichonifanya niiweke juu si ukali wake. Ni kidhibiti mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi, na swichi yake iko ubavuni. Kamera hizi hazina kidhibiti chochote mwilini, na sensa ndogo hukuza mtetemo wa mkono kama inavyokuza uso. Humo chumbani huna nafasi ya kutandaza miguu mitatu, na ukiitandaza kuna mtoto ataikwaa. Kasoro zake mbili: kidhibiti kinakula betri, nayo betri ya Pocket ya zamani haifiki mbali, na ringi yake ya fokasi ni ya umeme. Ukizungusha haraka inakwenda mbali, ukizungusha polepole inakwenda kidogo, hata ukiweka alama ya chaki hairudi palepale.

Anayechukizwa na hilo achukue Olympus 12-40 ya f/2.8. Ringi yake unaivuta nyuma, namba za umbali zinaonekana, na ina mwanzo na mwisho. Kidhibiti haina. Kwa mtu wa filamu za kuigiza, anayefunga kamera kwenye miguu, ningeipandisha hii iwe ya kwanza. Kwa mtu wa harusi, hapana.

Ya pili si lenzi, na hapa ndipo ninapobishana na vijana. Kabla ya lenzi ya pili nunua filta nyeusi, zile tunazoziita ND. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Piga hesabu: ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 800, fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde ili taa za umeme wetu wa hezi 50 zisipepese. Jua la saa sita mchana pale Forodhani linadai f/64. Lenzi zetu nyingi zinaishia f/22, na kwenye sensa ndogo ukipita f/11 picha inaanza kulainika, kila kitu kinakuwa kama kimepakwa mafuta. Ukitaka f/4 lazima ukate stopu 8 za mwanga kwa filta, na kila stopu inakata nusu ya mwanga uliobaki. Hakuna ujanja mwingine. Ukipandisha shata, watu wanatembea kama sinema za kimya.

Na isiwe ND yoyote. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga filta ya bei poa, nikapiga harusi nzima mchana kweupe. Siku ya kukabidhi kazi mama wa bibi harusi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa wageni waliovaa buibui za kahawia wametokea wapi?" Buibui zote zilikuwa nyeusi ti. Filta ilikata mwanga unaoonekana ikaacha infraredi, ule usioonekana kwa macho, ipite, na vitambaa vyetu vyeusi vya nailoni na poliesta vinaing'arisha infraredi kweli kweli. Pocket ya zamani haina kinga ya kutosha ndani yake. Nunua iliyoandikwa IRND, inayokata na infraredi. Kurekebisha rangi baadaye inawezekana kidogo, lakini ukiutoa wekundu kwenye buibui, hina nayo inapauka, na hina ndiyo iliyolipiwa.

Usinunue filta kwa kila lenzi. Nunua moja ya milimita 58 inayoingia kwenye 12-35, kisha ringi za kupandishia kwa lenzi zenye mdomo mdogo. Za kuzungusha, zinazoongeza na kupunguza giza, ni rahisi kutumia, ila ukizikaza hadi mwisho kwenye lenzi pana zinachora msalaba mweusi katikati ya bahari yako.

Ya tatu ni Laowa 7.5 ya f/2. Hii ndiyo iliyonirudishia vichochoro vya Mji Mkongwe. Kwenye Pocket ya zamani inaona kama 22, ina gramu 170 tu, na mistari ya milango na kuta haiipindi kama jicho la samaki. Apecha (uwazi ule wa f) na fokasi zote za mkono. Mdomo wake wa milimita 46 unakubali filta, na hili si jambo dogo: Panasonic 7-14 ya f/4 ni pana vilevile, lakini kioo chake cha mbele kimevimba, hakuna pa kuskurubu filta. Kwa jua letu hiyo ni lenzi ya ndani na ya saa za magharibi. Onyo: usimsogelee bibi harusi na 7.5. Pua itatangulia.

Mwenye mfuko mwepesi aanze na Panasonic 14 ya f/2.5. Ni bapa kama andazi lililokaliwa, inaona kama 40, ukiikuta iliyotumika bei yake haiumi, na ukiwa nayo sokoni Darajani watu wanadhani una kamera ya watalii wakakuacha ufanye kazi.

Ya nne ni adapta yenye kioo cha kukusanya mwanga, pamoja na lenzi za Canon au Nikon. Ile Metabones ya 0.58 iliyotengenezwa kwa Pocket ya zamani inapanua picha na kuongeza mwanga stopu moja na theluthi mbili. Sigma 18-35 ya f/1.8 juu yake inafanya kazi kama f/1.0. Usiku wa Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, mwezi wa Februari, mwanga huo ni neema. Kwa nini basi ya nne? Uzito. Sigma hiyo ni gramu 810 na mwili wa Pocket ya zamani ni 355. Lenzi ndiyo inayobeba kamera. Utahitaji vyuma vya kuishikilia chini, na hapo udogo uliokufanya ununue kamera umekwisha. Adapta hiyo ya 0.58 usiichomeke kwenye kamera nyingine, kioo chake cha nyuma kinachomoza ndani. Mwenye 4K atafute za 0.64 au 0.71.

Adapta tupu za bei ya soda, zisizo na kioo wala umeme, ni sawa kwa Nikon za zamani zenye ringi ya apecha. Kwa Canon za umeme ni mtego: apecha inabaki wazi hivyo hivyo, huna pa kuifungia.

Baada ya hapo ndipo zinakuja lenzi za mwanga zenye milimita za aina moja tu, zisizovuta wala kupanua: Panasonic 25 ya f/1.7, Olympus 45 ya f/1.8, na ile 50 ya Canon waliyoniulizia. Zote nzuri kwa sura ya mtu mmoja, kwa kima punju wa Jozani aliyekaa juu ya tawi, kwa jahazi lililo mbali. Voigtländer za f/0.95 ni tamu zaidi lakini nzito na ghali, na ukizifungua wazi fokasi ni nyembamba kama kope.

Za mwisho, lenzi za zamani za filamu ya milimita 16 na za kamera za ulinzi. Zina sura yake, sikatai. Nyingi zinaacha kona nyeusi, na kwa 4K sahau kabisa.

Ukinunua iliyotumika, ukivuka kwenda Kariakoo au ukimwagiza anayekuja kutoka Dubai, anayeikagua, wewe au yeye, awashe tochi ya simu na kumulika ndani kutoka nyuma ya lenzi. Vumbi mbili tatu si neno. Kinachotafutwa ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando: hiyo ni kuvu, na unyevu wetu wa pwani utaimalizia kazi. Azungushe ringi asikilize mchanga. Lenzi iliyoshinda Nungwi au Paje inasaga kama kinu. Mimi zangu nazilaza kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira na pakiti za silika, nazo pakiti nazibadilisha mvua za Masika zikianza.