Uzoefu wangu na HDC (Hill Descent Control), ile swichi ya kushukia mlima: wapi inasaidia na wapi usiitegemee

Wadau, hii kitu nimeitumia muda wa kutosha sasa, milima ya mawe, ya changarawe, ya udongo mfinyanzi ukishalowa, na kila nikikutana na mtu ananiuliza HDC ni kitu cha maana au ni mbwembwe za kwenye dashibodi tu, kwa hiyo naandika yote hapa. Gari yangu ni pikapu dabo kebini, dizeli, otomatiki, ina 4H (matairi yote manne yanasukuma, gia za kawaida) na 4L (matairi manne kwa gia nzito za mwendo mdogo) na loki ya difu ya nyuma (difu ndio inayogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia, loki inayafunga yazunguke pamoja). Jibu fupi: ni ya maana sana, ila sio kila mahali.

Inavyofanya kazi ni hivi, unaibonyeza, unatoa mguu kwenye pedali, kompyuta ya ABS (ule mfumo unaozuia matairi kujifunga ukikanyaga breki) inasoma spidi ya kila tairi na kubana breki tairi moja moja ili gari ishuke taratibu mwendo wa mtu anayetembea, wewe kazi yako stelingi tu. Land Rover ndio walioanza nayo kwenye Freelander mwaka 1997, na sababu ilikuwa wazi, ile gari haikuwa na 4L, kwa hiyo walihitaji kitu cha kuizuia kwenye mteremko. Mwanzoni mlio wake unatisha, huko chini inakwaruza grrr grrr utadhani kuna kitu kimevunjika, hiyo ni pampu ya ABS inafanya kazi yake, usishtuke ukakanyaga breki kwa nguvu.

Sasa niwe mkweli, kwenye mteremko ulionyooka, ardhi ngumu, matairi yote manne yamekaa chini vizuri, HDC haina kazi kubwa. Ukiweka 4L na gia namba moja injini yenyewe inashikilia gari na breki zako zinabaki za baridi. Otomatiki inakimbia zaidi kidogo kuliko manyuo kwa sababu haijashikana na injini moja kwa moja kama klachi inavyoshika, hapo HDC inaongezea kidogo, basi.

Inapolipa ni pale njia inapokuwa imekatwa mshazari na mfereji wa maji ya mvua. Tairi la mbele kulia linadumbukia, la nyuma kushoto linanyanyuka liko hewani, na hapo ndipo wengi wanaposhangaa gari inaanza kukimbia wakati wako gia ya kwanza kabisa. Sio kwamba gia imeachia, ni difu. Difu ya kawaida inapeleka ule ukinzani wa injini kwenye lile tairi lisilo na uzito, lile la hewani linasimama au hata kuzunguka kinyumenyume, na mwenzake aliye chini anakimbia atakavyo. Loki ya difu inatibu, ila ukiifunga kwenye njia ya kona kona stelingi inakuwa nzito na gari inataka kwenda moja kwa moja. HDC haijali difu kabisa kwa sababu inabana kwenye tairi lenyewe, tairi likining'inia yenyewe inahamishia kazi kwa yale yaliyoshika ardhi, na hicho kitu mguu wako hauwezi hata ungekuwa dereva wa namna gani, maana una pedali moja ya breki sio nne.

Ya pili, na hii ndio iliyonifanya niipende kabisa, ni kurudi kinyumenyume. Umepanda mlima, katikati gari imegoma, matairi yanachimba tu. Hapo sheria hazina mjadala: usijaribu kugeuza gari katikati ya mlima, ikikaa ubavu ndio inabiringika, usiweke nyutro, na wa manyuo usikanyage klachi ukaiacha ijishukie. Unashika breki, unaingiza rivasi ukiwa 4L, unashuka kwenye mstari uleule uliopandia. Shida ni kwamba ukishuka kinyumenyume uzito wote umeenda nyuma, mbele kwepesi, na breki zenye nguvu ziko mbele, kwa hiyo ukikanyaga kidogo zaidi matairi ya mbele yanajifunga, stelingi inakufa na pua inaanza kwenda pembeni. Yangu HDC inafanya kazi hadi kwenye rivasi, inagawa breki inavyotakiwa, mimi naangalia vioo na kushika usukani basi. Kwangu hii peke yake inatosha kuifanya iwe ya lazima.

Lakini jamani isiwadanganye. HDC inagawa breki, haiongezi mshiko wa tairi. Udongo mfinyanzi ukilowa matairi yote manne yanaserereka na kompyuta haina cha kufanya, tena inaweza kuharibu zaidi kwa kuendelea kubana. Gari ikianza kuserereka dawa ni kugusa mafuta kidogo sana, matairi yarudi kuzunguka sawa na spidi ya gari, stelingi inarudi. Najua mguu unakataa, mtu anashuka mlima unamwambia akanyage mafuta, lakini ndio kinachookoa. Pia mteremko mrefu breki zinachemka, taa yake inaanza kuwaka na kuzima na mfumo unajitoa, kwa hiyo ukikuta huko 4L hujaweka ndio umekwisha. Siku zote 4L kwanza, HDC juu yake.

Mteremko wa ubavu, yaani unapokatiza mlima kwa pembeni, ndio hausaidiwi kabisa, hapo ni akili yako. Mizigo mizito weka chini sakafuni sio kwenye keria, na ukihisi gari inateleza kwenda chini au upande wake wa juu unataka kunyanyuka geuza stelingi kuelekea bondeni, usipambane nayo kupanda juu. Mimi hupunguza upepo kidogo nikiwa kwenye mawe na changarawe maana tairi linatanda na kushika, ila kwenye ubavu sipunguzi sana, tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na mteremko usiouona mwisho wake, shuka utembee kwa miguu kwanza, ujue chini kuna nini na utapita mstari gani. Gari moja mlimani kwa wakati mmoja, mwingine asubiri mpaka wa kwanza amalize.

Naipa nyota nne kwa tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu yangu spidi yake haibadilishiki, kwenye mawe makubwa naona bado inashuka haraka, wakati magari mengine unairekebisha kwa vitufe vya kwenye stelingi. Kwa hiyo ukienda kujaribu gari kabla ya kununua usiishie kuuliza kama ina HDC. Tafuta mteremko halisi, angalia kama spidi inapungua na kuongezeka, weka rivasi uone kama inashika, na kama hawakuruhusu kuijaribu basi endelea kutafuta gari nyingine. Na ukilazimika kuchagua kati ya gari yenye HDC bila 4L na yenye 4L bila HDC, kama milima ndio njia yako ya kila siku, chukua yenye 4L.