Duka la kuprinti Mlandege: rangi safi sana, kwenye kukata simameni hapo hapo

Wanachuo wenzangu wa Unguja mnaotafuta pa kuprinti kazi za chuo, kuna kiduka pale Mlandege nakisifu kwa moyo mmoja, jina silitaji tu kwa kuwa na lawama nnayo.

Mie nasoma ubunifu wa michoro na muhula huu tulipewa kazi ya bango la kuhamasisha watu wasome, litundikwe 8 Septemba, Siku ya Kisomo Duniani. Wenzangu wengi walichora kitabu na taa, mie nikasema watu wetu mbona wanasoma kila siku, wanasoma kanga, nani ananunua doti bila ya kuangalia jina lake kwanza? Basi nikalifanya bango kanga: pindo limejaa herufi pande zote nne, mjini, yaani katikati ya kanga, kitabu kimefunguliwa, chini kwenye kisanduku jina MWENYE KITABU HAKAI PEKE YAKE. Hata umbo linakubali, kanga ni kama sentimita 150 kwa 110 na karatasi ya A2, saizi ya bango langu, ni 59.4 kwa 42.

Nikenda na flashi yangu asubuhi. Yule kaka wa dukani hakugusa pesa, kafungua faili kwanza kalitazama kama la kwake, kisha ananambia, "Dada, nyekundu hii kwenye karatasi hutoiona." Kumbe skrini inachanganya mwanga, nyekundu kijani na buluu, lakini mashine inatumia wino wa rangi 4 na zile rangi zinazowaka sana wino hauzifikii. Kanitolea kipande kidogo nione, kweli, imekuwa kama tofali. Tukakaa nusu saa nzima tunarekebisha mpaka ikarudi nyekundu ya kanga khasa, na vipande vya kujaribia hajanilipisha hata kimoja. Picha ya kitabu nilotumiwa WhatsApp nayo kaikataa, ikitumwa inapunguzwa ile, na A2 ya 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi, inataka pikseli 7016 kwa 4961, yangu hata 1600 haifiki. Nikarudi nyumbani nikakichora upya kwa vekta, mchoro wa mistari usioharibika ukikuzwa. Kwengine kote nilikopita wanachukua flashi wanaprinti basi, ukilia shauri yako.

Sasa lawama. Siku ya kuchukua yeye hayupo, kuna kijana mwengine, kakata karatasi na pindo la kulia lote limekwenda. Kanga bila pindo kanga gani! Kweli sikuacha ile ziada ya milimita 3 kila upande, rangi inayopita mstari wa kukatia, kwa hivyo kaingia ndani ili pasibaki weupe, lakini si angeniuliza kabla ya kutia kisu? Wamelirudia ila nimelipa nusu bei, elfu nne, na kwa mwanafunzi elfu nne ni nauli ya siku kadhaa, limeniuma hilo.

Lakini la pili lilivotoka, wallahi nimelipenda. Bi mkubwa mmoja kaliona nimelishika kituo cha daladala, kalisoma jina kwa sauti kisha ananiuliza, "Mwanangu, doti hii inauzwa wapi?"

Bei A2 elfu nane, karatasi nzito. Nendeni kabla ya saa nne, mchana kunajaa watu wa kadi za harusi, na mumuulizie yule kaka mkubwa. Akikata mwengine, msimame naye mezani.