Ufukwe wa Lindi: Jua la Asubuhi au la Jioni?

Mji wa Lindi uko magharibi mwa ghuba yake, hivyo asubuhi jua huchomoza ng'ambo ya maji, mbele ya lenzi. Mashua huwa nyeusi, anga ndilo picha. Piga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), ukipunguza mwanga hatua 1, yaani nusu. Ukihariri, inua sehemu za giza taratibu. Weupe ulioungua kwa mwanga mwingi haurudi kamwe. Mizani ya rangi ikijipanga yenyewe hufifisha dhahabu yote: weka kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga).

Jioni jua liko mgongoni. Tanga la mashua na nyuso za wavuvi hung'aa zenyewe, kuhariri ni kidogo. Kwa picha za watu tunachagua jioni bila kusita. Anza saa 10:30, kabla vivuli vya minazi havijafunika mchanga, na chunga kivuli chako kisiingie pichani.