Ukiharakisha kulipa, usituharakishe kurudisha

Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa kwenye dirisha la kampuni yangu ya bima ya gari, mbele za watu, mimi nimefunga na nimesimama tangu saa tatu asubuhi. "Mama, wewe ndiye uliyeharakisha kulipa, basi usituharakishe sisi kurudisha." Na aliyesema hakunyanyua hata macho kwenye simu yake.

Nimekaa nayo rohoni muda sasa. Nilidhani Idd ikipita yatanitoka, hayakunitoka. Acha niyaandike.

Kigari changu nakikatia ile bima ya mtu wa tatu, ya lazima kisheria. Kwa mwaka inanitoka shilingi 7,574. Bima yenyewe 7,500, zilizobaki ni tozo mbili ndogo ndogo na ushuru wa stempu, shilingi 40. Hiyo stempu iwekeni akilini, nitairudia.

Stika ya bima, ile ya kwenye kioo, ilikuwa inaisha usiku ule ule niliolipa. Ramadhani ilikuwa inanukia, nyumbani nina mgonjwa, nikaja kukumbuka baada ya Isha. Asubuhi nina watoto wa kuwatoa Mishomoroni niwavushe daraja la Nyali hadi shule mjini, na trafiki wakisimama pale Kengeleni kitu cha kwanza wanachotazama ni kioo cha mbele. Nikampigia ajenti wangu, bwana mmoja wa Makupa tuliyejuana miaka. Akanipa paybill ya kampuni, yaani nambari yao ya kulipia kwa M-Pesa, na kwenye nambari ya akaunti niandike nambari ya gari. Nikalipa. Kimya. Ujumbe wa M-Pesa haukuja. Nikangoja karibu saa nzima. Ajenti akatazama upande wake, haoni kitu. "Dada, mtandao leo mbovu. Ngoja nikutumie ombi la malipo upya." Ombi likajitokeza kwenye simu, nikatia nambari ya siri, papo hapo imethibitishwa, na cheti kikaingia WhatsApp kabla sijaweka simu chini. Nikamshukuru Mungu.

Ndipo ujumbe wa kwanza ukaingia. Imethibitishwa, 7,574. Wamenikata mara mbili kwa gari moja, usiku mmoja.

Na katika pesa ile mlikuwa na pesa isiyokuwa yangu. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kuchangiana kwa zamu, wanawake kumi na wawili, na Ijumaa ile ilikuwa zamu ya mwenzetu kupokea. Anayejua vyama anajua maana yake. Nilimwendea shemeji yangu nikakopa, nikajaza, mwenzetu akapokea chake kamili. Lakini zile siku mbili nilizokuwa nikijizungusha nikitafuta, usingizi sikuupata.

M-Pesa nilipiga usiku ule ule. Wakaniambia kwa upole kwamba pesa ikishaingia kwenye paybill, kuirudisha kunataka ridhaa ya mwenye paybill, kwa hiyo niongee na kampuni. Sawa, hilo nililielewa.

Basi nikaanza safari za Nkrumah Road. Ya kwanza, nilete barua, nakala ya kitambulisho na nakala ya logbook. Nikaleta. Ya pili, nilete taarifa ya M-Pesa iliyopigwa muhuri, hiyo niliyoitoa kwenye simu hawaitaki. Nikaleta. Ya tatu, kuna fomu ambayo ajenti aitie sahihi. Kwa nini yote matatu sikuambiwa siku ya kwanza? Ni karatasi moja tu mtu angenipa: lete hiki, lete hiki, lete hiki. Nauli ya kwenda na kurudi, jua lile la Mombasa, kiu, na mgonjwa nimemwachia jirani.

Safari hiyo ya tatu ndiyo walipoona vyema kunieleza pesa ilikokuwa. Kumbe mara ya kwanza nilipoandika nambari ya gari niliacha nafasi kati ya herufi na tarakimu. Kwa ile nafasi moja, mfumo wao haukuitambua gari, ikatiwa kwenye akaunti ya pesa zisizo na mwenyewe.

Zisizo na mwenyewe! Malipo yana jina langu. Nambari ya simu ni ile ile iliyolipa mara ya pili. Herufi za gari ni zile zile, tarakimu ni zile zile. Kiasi ni kile kile mpaka shilingi ya mwisho, na 7,574 si hesabu ambayo mtu anaitupa ovyo kwenye paybill ya bima. Mtoto wa darasa la nne ukimpa zile jumbe mbili atakwambia hizi ni za mtu mmoja.

Kuna jambo jingine ajenti alinieleza, nalo ndilo lililonichoma zaidi. Siku hizi vyeti vya bima ya gari ni vya kidijitali, makampuni yameunganishwa kwenye mfumo wa DMVIC, na gari likishakuwa na cheti hai mfumo haukubali litolewe cheti cha pili kwa muda ule ule. Yaani wamejiwekea kinga madhubuti mtu asipate stika mbili. Lakini mtu yule yule akilipa mara mbili, hakuna kinachopiga kelele, hakuna anayempigia simu. Stika mbili zinaonekana dakika ile ile. Pesa mbili hazionekani mpaka mimi nipande matatu mara tatu.

Hayo niliyasema dirishani. Niliyasema kwa adabu, wallahi, sauti sikuipandisha. Nikauliza, sasa dada, mmeshaiona pesa, mmeona ni yangu, itarudi lini? Ndipo nikajibiwa hilo la kuharakisha.

Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja aliyevuka feri asubuhi kutoka Likoni, jalada la karatasi kwapani. Akaniambia polepole, "Mwanangu, tulia, umefunga." Nikatulia. Lakini machozi yalinilenga, na sikulia kwa ajili ya pesa. Nina miaka mingi na kampuni ile. Sijawahi kuchelewesha, wala sijawahi kudai hata senti kwa njia ya uongo. Kunijibu vile mbele za watu, kana kwamba nimekuja kuomba sadaka ya mwezi mtukufu!

Nikamwambia, basi dada, naomba jina lako nilitie kwenye barua, maana hapa natoka naiandikia IRA, hao wanaosimamia makampuni ya bima. Hapo macho yakanyanyuka. Hapo nikaonekana.

Sasa nisije nikawa dhalimu kwa kuwa nimekasirika. Kampuni hii mwaka mmoja nilipomgonga mwenye tuktuk pale Kongowea, walimtengenezea tuktuk yake, mwenyewe akaridhika na kwangu hakurudi tena. Kwa hilo siwezi kuwasema vibaya, na nimewasifu kwa watu wengi. Ndugu zangu wawili nimewapeleka mimi.

Na tena alitoka kijana mmoja wa uhasibu. Sijui aliitwa au alisikia mwenyewe. Akanikaribisha ndani, akanivutia kiti, akasema, "Mama, samahani sana, nipe hizo jumbe." Akaingiza nambari za muamala, akageuza kompyuta nami nione: hii hapa, na hii hapa, mwenye simu mmoja, gari moja. Akaunganisha, akachapisha fomu, akatia sahihi yake, akanipa nakala. Hata dakika kumi hazikufika. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Kijana yule ana wazazi waliomlea, na Mungu amjaalie kila la heri. Nikatoka nikijiambia, haya, kwa ajili ya huyu mmoja nitabaki nao.

Lakini nilipofika kituoni pale Posta, nimekaa ndani ya matatu inangoja kujaa, nikaanza kufikiri. Dakika kumi! Kazi ya dakika kumi wamenizungusha mimi wiki ngapi? Kama kijana yule anaweza, wale wa dirishani wanaweza. Na yule mzee wa Likoni yuko wapi sasa? Je, naye alitoka mtu akamvutia kiti, au anarudi kesho na kesho kutwa na jalada lake? Mimi nimesoma kidogo, najua wa kuandikiwa ni nani. Asiyejua pesa yake inalala kwenye ile akaunti isiyo na mwenyewe mpaka lini?

Pesa iliingia baada ya Idd, kwenye simu, asubuhi nikikaanga mahamri. Nikafurahi kiasi cha kumwita binti yangu aje aone. Kisha nikaisoma vizuri. 7,534.

Nikapiga simu. Shilingi 40 ni ushuru wa stempu, mama, hairudishwi. Nikauliza, stempu ya nini? Stempu ni ya mkataba wa bima. Malipo yale ya kwanza hayakutolewa mkataba wala cheti, ninyi wenyewe mlisema hamkujua hata ni ya nani. Stempu hiyo mmeipiga kwenye karatasi gani? Kimya. Kisha nikaambiwa, "Mama, ni shilingi arobaini tu."

Tu. Mimi ile siku ya stika ningelipa 7,534 badala ya 7,574, mngenipa cheti? Mngeniambia ni arobaini tu?

Mkiniuliza mkate bima kwao au msikate, hata sijui niseme nini. Siku ya kijana yule ningesema kateni. Asubuhi ile kabla sijaisoma ile 7,534 ningesema kateni. Leo nasema, mkilipa, andikeni nambari ya gari bila kuacha nafasi, na ujumbe wa M-Pesa ukichelewa msikubali ombi la pili mpaka mmeangalia salio, hata kama ajenti ni mtu wenu. Stika yangu ikiisha nitatafuta kwingine. Ajenti wa Makupa nitabaki naye, yeye hana kosa, na fomu alinijia nayo hadi nyumbani.

Barua ya shilingi 40 nimeshaiandika. Nimeitoa nakala mbili, na Jumatatu naipeleka mwenyewe, dirisha lile lile.